Sous Réserve ya Bwana Rachid

Bwana Rachid ni mtu aliyesoma. Hilo hulisema mwenyewe, na kwa kuwa amelisema kila siku kwa miaka ishirini, watu wa mtaa wa Buyenzi walichoka kubisha wakalikubali, kama wanavyokubali mvua ya Aprili.

Alisomea ukarani, masomo ya jioni, miaka mitatu. Miaka hiyo mitatu aliishi kwa sambusa. Sambusa alizikunja Sijaona mkewe, akazikaanga Sijaona, akazitembeza Sijaona kichwani mtaa mzima, na zilichozaa kikageuka madaftari, kalamu na viatu vya msomi. Siku msomi alipopewa cheti chake, elimu ilimfungua macho papo hapo: aligundua kwamba mke wake hajui kusoma. Maskini, kumbe miaka yote hiyo hakuwa na habari. Mke ndiye aliyepewa jina la Sijaona, lakini asiyeona alikuwa mwingine.

Ni kweli, Sijaona hakusoma. Baba yake, fundi Sulemani wa baiskeli, aliweza kumsomesha mtoto mmoja, na watoto walikuwa wawili. Shakuru akapelekwa shule kwa sababu alikuwa na kichwa. Sijaona alikuwa na mgongo, na mgongo ni wa kubebea: maji, makaa, watoto wa mashangazi. Hakuna aliyewahi kuuliza kama na yeye alizaliwa na kichwa.

Talaka ilipokuja, Bwana Rachid aligawa mali kwa haki, kama msomi. Yeye alichukua nyumba, akaiuza, akajenga nyingine Mutanga Nord pamoja na Lisette, aliyekuwa akipiga mashine katika ofisi yake. Sijaona alipewa mtoto mmoja wa kike, Assia, mwenye miaka minane, na viti arobaini vya plastiki. Viti hivyo Rachid alivinunua zamani alipotaka kufungua biashara ya mikutano. Mkutano ulifanyika mmoja tu, na msemaji alikuwa yeye. Viti kumi kati ya vile arobaini vilikuwa vimevunjika miguu, lakini tusiwe watu wa kulalamika.

Sijaona alihamia Kanyosha. Viti vilivyovunjika alivishona kwa waya wa moto, akavikodisha kwa msiba wa jirani, halafu kwa arusi, halafu kwa msiba mwingine, kwa maana Mungu hawanyimi watu wa kusini mwa mji sababu za kukaa. Miaka kumi na miwili baadaye alikuwa na viti mia tatu na ishirini, mahema mawili na masufuria ambayo mtu mzima angeweza kuoga ndani yake. Kuanzia Kanyosha mpaka Ruziba hakuna familia ambayo haijakalia talaka yake.

Alikuwa na sheria moja katika kazi hiyo. Mtu akija kusema anataka viti, Sijaona huvihesabu na kuviweka pembeni. Lakini haviondoki mpaka mtu huyo aache karangamuntu yake, kitambulisho chenyewe, kile chenye picha. Wako waliomletea fotokopi. Aliwarudishia.

"Fotokopi hairudishi viti," huwaambia. "Leta yenyewe."

Basi Assia akakua, akafaulu mtihani wa taifa, na akasema anataka kusomea ukunga. Palikuwa na chuo cha afya kilichosifiwa, kule juu, mwendo wa nusu saa kutoka Mutanga Nord. Hapo ndipo Bwana Rachid alipokumbuka kwamba ana mtoto. Alisema mambo ya chuo ni mambo ya karatasi, na karatasi zinahitaji mtu wa karatasi. Akaenda mwenyewe kwenye lise, shule ya sekondari ya Assia, kuchukua cheti cha kufaulu, akatoa fotokopi, akapeleka maombi, na jibu lilipotoka akalipokea yeye. Assia alitumiwa picha kwenye simu: ukurasa wa kwanza, wenye nembo ya chuo na jina lake.

Jumapili moja Rachid alifika Kanyosha. Alikuwa hajakanyaga hapo tangu mwaka Assia alipougua malaria, na siku ile aliishia mlangoni.

"Mama Assia, mutoto wetu ni admise! Amekubaliwa chuoni!" alisema, akakaa kwenye kiti bila kuambiwa.

"Wetu?" Sijaona aliuliza. "Mashallah. Tangu lini?"

"Tangu jana barua ilipotoka."

"Apana, mi nauliza tangu lini ni wetu."

Rachid alicheka kicheko cha ofisini. Akafungua barua, akasoma kwa sauti ya redio: "Admise sous réserve. Umesikia? Sous réserve! Si kila mutu anapewa hiyo."

"Maana yake nini?"

"Réserve. We hujawahi kuingia restora kubwa? Kuna meza wanaandika 'réservé'. Mutu mwengine haikalii, hata awe waziri. Basi kiti cha Assia kimewekwa hivyo. Hakiguswi."

"Nimeelewa réserve. Na 'sous'?"

Bwana Rachid aliitazama barua kidogo, kisha akaitazama dari.

"Sous ni neno ya heshima tu," alisema. "Wazungu wanaitanguliza. Kama sisi tunavyosema 'muheshimiwa'."

Baada ya kutoa elimu hiyo, alitaja kilichomleta. Ijumaa baada ya swala anafanya karamu kwake Mutanga Nord. Mkuu wa mtaa atakuja, wakubwa wa ofisi watakuja. Anahitaji viti mia na hamsini na hema moja, na kwa kuwa ni jambo la familia, hafikiri kwamba Mama Assia atataka kuzungumza habari za malipo.

Kwa hiyo Sijaona angebeba viti, avipeleke kwa mwanamke aliyechukua nafasi yake, ili watu wakae vizuri wamsikilize mumewe wa zamani akijisifia mtoto aliyelelewa na Sijaona. Alikubali. Alikubali kwa ajili ya Assia, ambaye alikuwa nyuma ya pazia akisali asikatae.

Lakini lile neno dogo lilimkaa moyoni. Jioni alivuka uzio kwenda kwa Odette, jirani yake kutoka Uvira, anayeuza vitenge nyumbani kwake na aliyesoma mpaka darasa la sita.

"Dada Odette, sous ni nini?"

"Sous? Ni chini," Odette alijibu bila kuacha kukunja vitenge. "Tulikuwa na kitabu na picha. Le chat est sous la table. Paka iko chini ya meza."

"Si neno ya heshima?"

"Heshima gani? Paka alikuwa anakula mifupa."

Sijaona alikaa juu ya robota la vitenge. "Basi mutoto wangu amekubaliwa chini."

"Chini ya nini?"

"Chini ya réserve."

Odette alifikiri, akatikisa kichwa. "Mama Assia, hiyo hainipendezi. Mutu wa heshima hawamuweki chini ya kitu."

Sijaona alirudi nyumbani akamwamuru Assia afungue ile picha na kuisoma neno kwa neno, bila kuruka. Assia alisoma. Alikuwa msichana mwenye akili, lakini mbele ya baba yake akili ile ilikuwa ikivua viatu na kungoja nje. Mstari wa mwisho wa ukurasa ulisema "admise sous réserve de", na ukurasa ukaisha hapo.

"De ni nini?"

"De ni 'ya', Mama."

"Ya nini?"

"Imeishia hapo. Ukurasa wa pili uko kwa Baba."

"Na we, uliyesoma miaka kumi na mitatu, ulionaje?"

Assia aliangalia miguu yake. "Niliona kama kuna kitu bado. Lakini Baba amesema ni kiti kimewekwa. Ningemwambiaje?"

Wakampigia simu. Rachid alijibu kwamba ukurasa wa pili ni wa sahihi ya mkurugenzi tu, kwamba yeye ameshughulikia barua kabla Sijaona hajajua kalamu inashikwa upande gani, na kwamba Ijumaa wasisahau kuleta viti vyeupe, si vile vya buluu.

Ijumaa asubuhi Mawazo, dereva wa kamyoneti, alipakia viti. Assia alikuwa ameshachukuliwa tangu jana yake, Lisette amsuke na kumpamba. Njiani Sijaona alimwambia Mawazo amshushe chuoni, yeye aendelee na viti, kisha aende akapange foleni ya mafuta, yaliyoadimika mji mzima, kwa maana tangi lilikuwa linanuka tu.

Dirisha la maandikisho lilitakiwa kufunguliwa saa mbili, yaani saa nne. Foleni ikamfikisha mbele saa saba. Dirisha lenyewe lilikuwa na kioo chenye tundu dogo, tena la chini, ili kila mwenye shida aanze kwa kuinama. Ndani alikaa kijana mwenye tai ambaye wanafunzi walimwita Népomuscène.

"Mama, hapa ni kwa wanafunzi," alisema bila kuinua macho. "Wazazi wanakuja jumatatu."

"Leo mi si muzazi. Niko mutu anauliza maana ya neno. Sous réserve ni nini?"

"Ni conditionnelle."

"Umeondoa neno moja ya kizungu, umeweka ingine. Mi nakodisha viti, mwanangu. Niambie kwa viti."

Kijana aliinua macho. "Kwa viti?"

"Mutu anakuja kwangu anasema nataka viti mia. Kwenu huyo munamuita nani?"

"Huyo... huyo amefanya préinscription. Amesema anataka. Hatujamuahidi kitu."

"Mi nahesabu viti, naviweka pembeni, namwambia haya, lete karangamuntu."

Népomuscène aliweka kalamu chini. "Eeh! Hiyo sasa ndiyo admise sous réserve. Viti vyake vipo, lakini kuna kitu lazima alete kwanza."

"Asipoleta?"

"Siku ikipita, kiti kinakwenda kwa liste d'attente. Hao ni watu wamesimama nje ya mulango, kila mutu na namba yake. Kwa ukunga, mwaka huu wako kumi na saba."

"Na yule viti vyake viko tayari juu ya kamyoneti?"

"Huyo ni inscrit. Huyo hatumushushi tena." Kijana alikuwa anacheka sasa, na wanafunzi kwenye foleni walikuwa wamesogea kusikiliza. Msichana mmoja alitoa barua yake mfukoni na kuanza kuisoma upya kwa haraka. "Mama, ungekuja hapa kila mwaka. Watu wanaona 'admis' wanaacha kusoma hapo hapo, wanakwenda kuchinja mbuzi."

"Wako wanaochinja," Sijaona alisema. "Sasa niangalilie mutoto mumoja. Assia, wa Rachid."

Kijana alivuta faili, akalifungua kwenye ukurasa wa pili. Kicheko kikamkauka usoni. Juu kabisa, kumalizia ile "sous réserve de", palikuwa na mistari miwili: alete cheti cha kufaulu, chenyewe, si nakala, kabla ya Ijumaa saa kumi alasiri.

"Ijumaa ipi?"

"Leo, Mama. Fotokopi iko hapa. Sisi tunataka tuone ile yenyewe, tupige muhuri, tumurudishie. Ni dakika mbili. Lakini saa kumi orodha inakwenda kwa mkurugenzi, na aliye namba moja kwenye liste d'attente amekaa pale kwenye ngazi tangu asubui."

Sijaona alitazama. Kweli, kwenye ngazi alikaa msichana mwembamba, faili mapajani, akitazama saa ya ukutani kama mtu anayetazama sufuria ya maharagwe.

Alimpigia Rachid. Simu haikupokelewa. Ya Assia ilikuwa imezimwa. Mawazo alikuwa wa arobaini kwenye foleni ya mafuta na hakuona mbele pakisogea. Sijaona alifunga kitenge chake vizuri na kuteremka kwa miguu, jua la saa saba na nusu likiwa utosini, akiwaza kwamba mtu mmoja tu ndiye anayejua cheti kiko wapi, na mtu huyo ni msomi.

Alifika saa nane na dakika kidogo. Hema lake lilikuwa limesimama, viti vyake vimepangwa, na kwenye viti vyake watu walikuwa wakinywa soda. Mstari wa mbele alikaa mkuu wa mtaa na tumbo lake. Assia alikuwa mezani, amepakwa rangi mpaka mama yake alimtambua kwa masikio. Na nyuma ya meza, kwenye ukuta wa kibaraza, kilitundikwa cheti cha kufaulu. Ndicho chenyewe. Kilikuwa ndani ya fremu ya dhahabu, chenye kioo, kimezungushiwa maua ya plastiki, mahali ambapo watu wengine hutundika picha ya Maka.

Bwana Rachid alikuwa amesimama na kipaza sauti.

"Ndugu zangu, wengi wanapata admis. Admis ya kawaida! Lakini binti yangu amepewa sous réserve..."

Makofi yakapigwa. Sijaona alipita pembeni, akamwinamia sikioni.

"Baba Assia, chuo kinataka kile cheti. Chenyewe. Leo, kabla ya saa kumi. Wakikikosa, kiti kinapewa mwengine."

Rachid aliziba kipaza sauti kwa kiganja. "Si sasa."

"Ni sasa. Nimetoka huko. Iko kwenye page ya pili."

"Mama Assia, usinitie aibu mbele za watu. Nitampigia mkurugenzi jumatatu. Cheti hakitoki ukutani wageni wakiwa hapa. Watasema nini?"

"Jumatatu watakuwa wamempa mutu mwengine."

Hapo Bwana Rachid aliondoa kiganja kwenye kipaza sauti, akatabasamu, akawageukia wageni. "Jamani, leo tuna bahati! Mama Assia amekuja kutufundisha Kifaransa!"

Watu walicheka. Mkuu wa mtaa alicheka mpaka soda ikamwagika. "Asiyejua maana haambiwi maana," Rachid aliongeza, na watu wakacheka tena, kwa kuwa methali ikisemwa kwenye kipaza sauti huwa ni mpya.

Sijaona alikuwa amejibu maneno ya mtu yule kwa miaka kumi na mitano ya ndoa, na hajapata kushinda hata mara moja. Maneno yalikuwa kiwanja chake Rachid. Alitazama huku na huku, akaona kiwanja chake mwenyewe. Kiti cha Rachid kilikuwa nyuma ya Rachid, kitupu, kwa kuwa mwenyewe alikuwa amesimama akihutubia. Akakichukua. Akakibeba mpaka kwenye geti, akakiweka nje. Akarudi.

"Samahani, muzee," alimwambia mkuu wa mtaa. "Nyanyuka kidogo."

Mkuu wa mtaa, akidhani anaitwa kula, alinyanyuka. Alipogeuka, kiti kilikuwa kimeshaingia juu ya mwenzake.

"Kuna nini?"

"Karamu hii ilikuwa sous réserve, muzee," Sijaona alisema kwa adabu. "Kuna kitu hawajaleta. Na wewe, mama, samahani. Na wewe, Bwana. Tafadhali shikeni soda zenu."

Kazi hiyo aliijua. Kiti juu ya kiti, kumi kumi, miguu ikiingiana, bila haraka na bila kusimama. Mstari wa kwanza uliisha. Wakubwa wa ofisi walibaki wima kwenye jua, sahani mkononi, kama watu wanaongoja basi. Wa mstari wa tatu walianza kunyanyuka wenyewe kabla hawajafikiwa.

"Mama Assia, umepata wazimu?" Rachid alipiga kelele, bado kwenye kipaza sauti. "Rudisha viti vya watu!"

"Vya watu gani?" aliuliza mzee mmoja kutoka nyuma, na safari hii kicheko kilikwenda upande mwingine.

Assia alikuwa amesimama. "Baba," alisema. Sauti haikutoka. Akajaribu tena. "Baba, nipe cheti changu."

Lilikuwa neno la kwanza la namna hiyo kutoka kwake katika maisha yake yote, na lilimchukua nguvu nyingi, rangi ya macho ikaanza kumchuruzika. Rachid alimtazama kama mtu aliyesikia meza ikiongea.

Lisette ndiye aliyesogeza kigoda, akapanda na viatu vyake vya visigino, akakiondoa cheti ukutani na maua yake yote.

"Mi nilikuambia ufungue page ya pili," alimwambia mumewe kwa sauti ya chini ambayo kipaza sauti kiliichukua na kuipeleka mpaka nyumba ya nne. "Ukasema ni sahihi tu. Chukua, Assia. Na vua hivyo viatu, hautafika."

Sijaona karibu ampende mwanamke yule. Karibu.

Saa tisa na robo mama na binti walikuwa barabarani. Walijaribu kukitoa cheti, lakini Bwana Rachid, ambaye kila jambo hulifanya kikamilifu, alikuwa amekipigilia misumari minane nyuma. Wakaibeba fremu nzima. Assia alivaa gauni la kumeta na ndapala, kandambili za mpishi, mama akashika upande mmoja, yeye mwingine, na maua ya plastiki yakawa yanaanguka moja moja njiani. Watu waliokuwa wakitembea kwa kukosa mabasi walisimama kando kuwapisha. Mzee mmoja alivua kofia. Alidhani ni picha ya marehemu.

"Mama," Assia alisema wakipanda kilima, pumzi imemwisha, "kama tumechelewa?"

"Tembea."

"Nilijua kuna kitu bado. Ningemwambia Baba tangu jumapili."

"Ungemwambia. Tembea."

Walifika dirishani saa kumi kasoro dakika tisa. Msichana mwembamba wa kwenye ngazi alikuwa ameshasimama, faili kifuani. Alipoona fremu inapita, alikaa tena polepole, na Sijaona hakuweza kumtazama usoni. Hakuna kiti kinachopatikana bila mtu mwingine kusimama. Hilo viti vimemfundisha.

Fremu haikupita kwenye tundu. Népomuscène alilazimika kufungua mlango na kutoka nje.

"Tangu nimeanza kazi," alisema akigeuza geuza ile dhahabu, "sijapokea cheti chenye misumari."

Lakini alikisoma kupitia kioo, akalinganisha namba na fotokopi, akapiga muhuri. Kisha akampa Assia fomu ya mwisho, aijaze hapo hapo, na alipoipokea akaisoma kwa sauti kuhakikisha. Jina, tarehe ya kuzaliwa, kitivo. Alipofika chini akasoma: "Responsable wa mwanafunzi: Rachid."

Assia aliziba mdomo.

"Mama, nisamehe. Ni mazoea. Tangu shule ya msingi tunaandika Baba. Nafuta. Nafuta sasa hivi, naandika we."

Sijaona hakuwa ameuona mstari ule. Angeutazama siku nzima asiuone. Alisimama akiyapima yaliyompata: sambusa, nyumba, miaka kumi na miwili ya kubeba viti, na kumbe hata kwenye fomu aliyoikimbilia kwa miguu, aliyeandikwa ni yule. Mkono wa Assia ulikuwa tayari umeishika kalamu.

"Ngoja," alisema. Akamgeukia karani. "Responsable maana yake nini? Usinipe neno ingine ya kizungu."

"Ni mutu tunamuita, Mama. Mwanafunzi akikosa darasani, tunamuita. Akivunja kitu ya maabara, tunamuita. Wakati wa mazoezi hospitali anataka blauzi nyeupe, viatu, glavu, tunamuita. Karo ikifika, tunamuita. Na kuna mukutano wa ma-responsable kila mwezi, jumamosi asubui, mpaka saa saba."

"Miaka mingapi?"

"Mitatu. Minne, kama kuna kurudilia mwaka."

"Na hii yenyewe ni sous réserve?"

"Apana, Mama," Népomuscène alisema. "Hii ni définitive. Tukishapiga muhuri, jina halitoki."

"Basi usifute, mwanangu," Sijaona alimwambia binti yake, akauondoa mkono wake kwenye karatasi taratibu. "Baba yako amesoma sana, lazima aandikwe mahali. Na weka simu yake. Zote mbili, ya ofisi na ya nyumbani."

Assia alimtazama mama yake kuona kama anatania, hakuona, akaandika. Sijaona aliinama juu ya fomu, kidole kikifuata tarakimu moja baada ya nyingine, kwa maana herufi hazijui lakini hesabu anaijua vizuri kuliko wengi waliosoma.

"Hiyo saba ya mwisho haionekani sawasawa," alisema. "Irudilie."